Pikipiki ndogo yenye kigari cha pembeni: inapovuta, inapotikisika na inapopasuka

Swali langu la kwanza kwa kila anayeniletea pikipiki iliyofungwa kigari cha pembeni ni hili: inakuvuta upande lini? Ikivuta unapokoleza mafuta, ugonjwa wake si ule wa kuvuta unapofunga breki, na yote mawili hayafanani na ile inayovuta muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, mwendo mmoja, hakuna upepo. Wengi hufika wakiwa wameshabadilisha goroli za stelingi (za shingo ya usukani), wameshanyoosha foku (miguu inayoshika tairi la mbele), wameshanunua tairi jipya la mbele, na bado mabega yanawauma. Vipimo vya kufungia kigari chenyewe havijaguswa tangu siku kilipochomelewa.

Nazungumzia pikipiki za kila siku hapa Uganda, za cc 100 hadi 150: Boxer, TVS na zinazofanana nazo. Watu huzifunga kigari ili wabebe mitungi ya maziwa, mikungu ya matoke, gesi, mgonjwa, au mtu ambaye miguu yake haimruhusu kupanda nyuma ya bodaboda. Kwa ajili ya huyo wa mwisho sikubali kazi ya kubahatisha. Aliyekaa kwenye kigari hana usukani wa kushika wala breki ya kukanyaga.

Hakikisha kwanza kigari kiko upande wa kushoto. Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo kigari kinakaa upande wa ukingo wa barabara, na dereva anabaki upande wa katikati anakoona magari yanayokuja. Vigari vilivyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia hufungwa kulia, na ukinunua kimoja kilichotumika huko ukakigeuza tu, mlango, breki na mkono wa tairi vyote vitakuwa upande usiofaa. Kwa Boxer kushoto kuna faida nyingine: egzosi na kiki viko kulia, havigusani na mabomba. Ila stendi ya pembeni lazima itoke, na cheni iko upande huohuo, hivyo acha nafasi ya spana ya kukazia ekseli. Nimeona kigari kizuri ambacho mwenyewe alilazimika kukifungua chote kila alipotaka kukaza cheni. Mtu wa namna hiyo mwishowe haikazi.

Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, pima mambo matatu. Egesha mahali palipo sawa, sakafu ya saruji ikipatikana, na upepo wa tairi zote tatu uwe sahihi. Usukani unyooke.

La kwanza ni mwelekeo wa tairi la kigari. Tafuta vyuma viwili vya mraba vilivyonyooka, virefu kupita pikipiki, uviweke juu ya matofali ili viguse tairi kwa urefu wa sentimita kumi hivi kutoka chini. Kimoja kilaze ubavuni mwa tairi la nyuma la pikipiki hadi mbele. Tairi la mbele ni jembamba kidogo kuliko la nyuma, kwa hiyo chuma hakitaligusa. Acha mwanya ulingane mbele na nyuma ya tairi hilo. Kingine kilaze ubavuni mwa tairi la kigari. Sasa pima umbali kati ya vyuma hivyo, mbele usawa wa ekseli ya mbele na nyuma usawa wa ekseli ya nyuma. Kipimo cha mbele kiwe kifupi kuliko cha nyuma kwa milimita 10 hadi 20. Mimi huanzia 15. Yaani tairi la kigari linaelekea ndani kidogo, kwa sababu likiwa barabarani linaburuzwa nyuma na mzigo wake.

La pili ni ulalo wa pikipiki. Funga nati kwenye uzi, uning'inize upande wa kulia wa tairi la nyuma, uzi uguse ukingo wa juu wa rimu. Pikipiki ikiwa haina mtu wala mzigo, iegemee kulia kidogo, digrii moja hadi mbili. Kwa rimu ya inchi 17, uzi utakuwa umeachana na ukingo wa chini kwa milimita 8 hadi 16. Ukipakia mzigo wa kawaida, springi za kigari zinashuka na pikipiki inasimama wima, au inabaki na chembe ya kuegemea kulia. Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yatiririkie kando, na wewe unaendesha kwenye mteremko huo wa kushoto siku nzima. Pikipiki iliyosimama wima kabisa sakafuni itakuvuta mtaroni ukiwa njiani.

La tatu ni ekseli ya kigari kutangulia ekseli ya nyuma ya pikipiki. Kwa pikipiki ndogo, ambazo umbali wa ekseli mbili ni kama mita 1.2 hadi 1.3, milimita 100 hadi 200 inatosha.

Andika vipimo vyote vitatu kwenye karatasi. Halafu badilisha kimoja, jaribu, andika tena. Anayelegeza vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilimponya.

Inavuta muda wote, mwendo mmoja

Ikivuta kushoto, anza na tairi la kigari. Upepo ukipungua, kigari kinashuka, pikipiki inalala kushoto, na usukani unafuata. Kisha inua tairi hilo na ulizungushe kwa mkono: lizunguke kwa uhuru, lisisimame ghafla. Likisimama, breki yake inashika au beringi imekazwa kupita kiasi. Yote yakiwa salama, rudi kwenye ulalo. Hapa ndipo wengi hupona: bomba la juu linaloshikilia pikipiki na kigari ni fupi mno, kwa hiyo pikipiki imevutwa upande wa kigari. Lirefushe kidogokidogo, nusu mzunguko wa skrubu kila mara.

Kijana mmoja wa maziwa aliniambia, "Mzee, asubuhi inanyooka, jioni inavuta kulia." Asubuhi alikuwa na mitungi imejaa, jioni anarudi na mitungi mitupu. Ulalo wake ulirekebishwa akiwa amepakia hadi juu, kwa hiyo kigari kikiwa kitupu pikipiki ilikuwa imeegemea kulia kupita kiasi. Tuliuweka katikati ya hali mbili, akakubali kuvutwa kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kigari kimoja hakiwezi kuwa sawa kwa kilo 10 na kilo 120. Chagua mzigo unaoubeba zaidi, upimie huo.

Kuvuta kulia muda wote bila kujali mzigo kuna sababu nyingine ya kuangalia: tairi la kigari linaelekea ndani kupita kiasi. Tairi lenyewe litakuambia. Pitisha kiganja juu ya meno yake kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha rudi kutoka ndani kwenda nje. Kama kwenda ndani ni laini na kurudi nje kunakwaruza kiganja, meno yamelazwa upande wa ndani na mwelekeo umezidi. Kinyume chake, tairi linaelekea nje, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu pikipiki na kigari vinataka kuachana njia. Kiganja hugundua hili wiki kadhaa kabla ya macho, wakati tairi bado linaonekana jipya.

Kumbuka cheni. Kila unapoikaza unasogeza ekseli ya nyuma, na alama za pande mbili zisipolingana tairi la nyuma linapinda, basi mwelekeo wote uliopima unabadilika. Mtu akisema "ilianza juzi tu," namuuliza kama juzi alikaza cheni.

Inavuta ukikoleza mafuta, inavuta ukifunga breki

Kuvuta kushoto unapokoleza ni kawaida. Injini inasukuma tairi la pikipiki, kigari hakina nguvu yake, kinabaki nyuma na kukugeuza upande wake. Mkono utazoea. Kuvuta huko kusiwe kwingi kiasi cha kukuhamisha njia; kukiwa hivyo, mzigo umewekwa mbali sana upande wa nje, au tairi la kigari liko mbali na pikipiki kupita mita moja na kitu. Sogeza mzigo karibu na pikipiki kabla ya kukata chuma chochote.

Ukifunga breki mambo yanageuka: pikipiki inapunguza mwendo, kigari bado kinataka kuendelea, kinakuzungusha kulia, yaani mbele ya magari yanayokuja. Hili silipunguzii uzito. Kigari kinachobeba mtu lazima kiwe na breki yake. Breki ya nyuma ya Boxer inatumia fimbo kutoka pedali ya kulia, kwa hiyo unaweza kuchukua waya kutoka pedali hiyohiyo, ukaupitisha chini ya injini mbali na egzosi hadi kwenye dramu ya kigari. Rekebisha ili tairi la nyuma lianze kushika kwanza, la kigari lifuate kidogo baadaye. Ikivuta kushoto ukifunga breki, waya wa kigari umekazwa mno: ulegeze. Jaribu kwenye uwanja wa murramu, mwendo mdogo, kigari kikiwa na mfuko wa mchanga badala ya mtu.

Usukani unatikisika kwenye mwendo mdogo

Kutikisika kati ya kilomita 15 na 40 kwa saa, hasa ukipunguza mwendo ukiwa umelegeza mikono, ni tabia inayojulikana ya pikipiki zenye vigari. Kidogo kinavumilika. Kikikufanya ushike usukani kwa hofu, fuata mpangilio huu.

Inua tairi la mbele, shika miguu ya foku chini, isukume mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, goroli za stelingi zimelegea. Geuza usukani taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Ukinasa katikati, goroli zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake na kukaza hakutasaidia, badilisha seti nzima. Kisha tazama kama rimu ya mbele inayumba, kama tairi limekaa vizuri kwenye rimu, kama bushi za swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) zimeisha. Mwisho shika kigari kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu huku mwenzako ameweka kidole kwenye kila kiungo. Kiungo kinachocheza hata nusu milimita kitahisiwa.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inatikisika, weka kizuizi cha usukani cha msuguano, kile chenye sahani zinazobanwa na skrubu. Sishauri kubadilisha pembe ya foku kwenye pikipiki ya cc 100. Ni kweli kwamba kwenye pikipiki kubwa mafundi husogeza tairi la mbele ili usukani uwe mwepesi, lakini wepesi huohuo huongeza kutikisika, na vipande vya foku vilivyochomelewa upya ndivyo vinavyobeba uso wako.

Tairi la kigari linanyanyuka

Kona ya kushoto, kigari kitupu, mwendo umezidi kidogo: tairi linaelea. Dereva mgeni huogopa, hugeuza usukani kulia ghafla, na anavuka katikati ya barabara. Sababu mara nyingi ni uzito tu. Funga jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20, sakafuni mwa kigari karibu na tairi lake. Ijae hadi juu. Ikiwa nusu, maji yanakimbia upande usiofaa kwenye kona ileile unayoihitaji. Mchanga ni bora zaidi. Likiendelea kunyanyuka hata ukiwa na uzito huo, pima upana: chini ya sentimita 90 kutoka katikati ya pikipiki hadi katikati ya tairi la kigari ni wembamba kwa barabara zetu.

Kona ya kulia inadanganya kwa utulivu wake. Kigari kinakandamizwa chini, unajiona uko salama, hadi mzigo uliowekwa mbele ya ekseli ya kigari unapoinamisha pua yake na tairi la nyuma la pikipiki linapoteza ardhi. Ukiona hivyo, angalia kipimo chako cha tatu, kwamba ekseli ya kigari imetangulia vya kutosha, kisha urudishe mzigo nyuma. Kwa mteremko wa Kabale au Kapchorwa, ingia konani ukiwa umeshapunguza mwendo. Usifunge breki ndani ya kona.

Chuma kinapasuka

Hapa nitakaa zaidi, maana mengine yote yanakuonya na hili halionyi.

Fremu ya pikipiki ndogo ilitengenezwa kwa chombo kinacholala kwenye kona. Ukikifunga kigari hakilali tena, kwa hiyo nguvu ya ubavuni inayotoka barabarani inaingia yote kwenye bomba jembamba lenye ukuta wa milimita chache. Nyingi kati ya pikipiki hizi zina bomba moja tu mbele ya injini. Ukichomelea sikio la chuma kinene moja kwa moja kwenye bomba hilo, hutavunja weldi. Utavunja bomba kando ya weldi, palipopashwa moto pakapoteza nguvu.

Dalili ya kwanza haionekani kama ufa. Ni mstari mwembamba wa kahawia kwenye rangi, kama uzi wa nywele, kando tu ya mahali weldi inapoishia. Ni kutu inayotoka ndani kila ufa unapofunguka na kufunga. Ukiutilia shaka, osha mahali hapo, pangusa pakauke, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, kisha ufute hadi pakauke kabisa. Halafu paka chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki mbele ya macho yako. Inagharimu karibu sifuri, na Katwe au Kisenyi, Kampala, hakuna mchomeleaji atakayekosa kukuelewa ukimwomba akufanyie.

Ukipata ufa, usikubali kujazwa weldi juu yake tu. Ufa utarudi sentimita mbili pembeni. Dawa ni kuondoa mzigo kwenye bomba hilo: tengeneza fremu ndogo ya chini inayoshikwa na bolti za injini, ekseli ya swingamu na mahali pa vibanio vya miguu, kisha kigari kifungwe kwenye fremu hiyo ndogo. Panapobidi kushika bomba, tumia klempu ya vipande viwili inayolizunguka lote, yenye upana wa kutosha, bila kuchomelea. Viungo viwe vinne angalau: viwili chini vinavyobeba, viwili juu vinavyozuia kulala. Mabomba yapange yatengeneze pembetatu. Kigari chenye viungo vitatu kinaweza kwenda, lakini kimoja kikilegea huna kinachobaki.

Bolti ziwe za chuma kigumu, zenye namba 8.8 kichwani, pamoja na nati zenye pete ya nailoni ya kuzuia kulegea. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza zote upya. Chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na unaliona hilo bila spana.

Spoki zinakatika, rimu inayumba

Sababu ni ileile: tairi halilali tena kwenye kona, linasukumwa ubavuni. Spoki za tairi la nyuma hulegea kwanza. Gonga kila moja kwa spana ndogo; iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Rimu za aloi zinavumilia zaidi, au spoki nene zaidi kwa rimu ya kawaida. Kwa kigari chenyewe, baadhi hutumia tairi la tuktuk la 4.00-8. Ni gumu kwa ubavu na ni rahisi kulipata, ila kwenye mashimo ya murramu linazama mno. Napendelea inchi 17, hasa kwa sababu tyubu moja ya akiba inaweza kukufikisha nyumbani.

Injini inachoka, klachi inateleza

Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka kwenye mlima, klachi inateleza. Kabla ya kununua sahani za klachi, angalia uchezaji wa waya wa klachi na oili. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huharibu klachi inayooga ndani ya oili. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki za namna hiyo. Sahani zikiwa zimeisha, badilisha na springi zake.

Kisha punguza kazi ya injini. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ukiibadilisha kwa ya meno 13, unapata nguvu ya kuvuta karibu asilimia 8 zaidi, na mwendo kwa mizunguko ileile ya injini unapungua kwa asilimia 7 hivi. Mwenye kigari hana haja ya mwendo huo. Injini hizi zinapozwa na hewa, kwa hiyo kupanda mlima mrefu ukiwa gia kubwa na mwendo wa kutembea kunazipika. Shuka gia mapema, na ukifika juu iache iungurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima. Mbao au turubai la kigari lisizibe upepo unaoingia kwenye mapezi ya silinda. Hili hutokea sana kwa vigari vya mizigo vilivyotanuliwa mbele.

Kikishapona, weka taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma kwenye ukingo wa nje wa kigari, maana usiku dereva wa lori anaona taa moja na kudhani wewe ni bodaboda nyembamba anayeweza kuipita. Na kwa kuwa chombo kimebadilika umbo, kipeleke kwa wakaguzi wa magari wa polisi kabla ya kukiingiza barabara kuu, ukiwa na ile karatasi ya vipimo mkononi.